Safari ya miezi saba kwa gari: tupange kila siku, au tuiachie njia?

Daftari la Njia (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeanza kuniondolea furaha ya safari kabla hata hatujaondoka.

Mimi na mume wangu tuna mwaka mmoja na nusu katika ndoa, na tangu enzi za uchumba tumekuwa tukiweka akiba kwa ajili ya safari ya nchi kavu ya miezi saba, tukiendesha gari letu wenyewe na kuvuka nchi tisa. Likizo zimekubaliwa, gari lipo, na imebaki miezi minne. Tatizo ni kwamba hatukubaliani hata kidogo juu ya namna ya kusafiri. Mimi nina daftari ambalo nimeandika ndani yake kila siku ya safari: umbali, mahali pa kulala, mahali pa kujaza mafuta, na la kufanya tukishafika. Yeye anasema kwamba safari iliyokwisha kuandikwa mpaka siku ya mwisho haina haja ya kusafiriwa, na kila ninapomwuliza jambo jibu lake ni lilelile: "Tutajua hukohuko."

Mwezi uliopita tulifanya safari ya majaribio ya siku nne. Siku ya pili, saa nane mchana, tulipita kando ya ziwa tulivu ambako familia moja ilikuwa imepiga hema, nao wakatukaribisha tukae. Mume wangu aliomba tulale pale. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimeshalipia chumba kilometa 240 mbele. Tulifika usiku, tumechoka, kila mmoja amenyamaza, na asubuhi yake tuliondoka katika mji ule bila kuona lolote. Siku ya tatu nilimwomba tujaze mafuta kabla ya kuiacha barabara kuu, akasema kwamba kituo kingine kitapatikana mbele. Hakikuwapo. Tulikaa kando ya njia kwa muda wa saa tano mpaka dereva wa lori alipotuuzia lita kumi. Tangu hapo mimi namkumbusha mafuta, yeye ananikumbusha ziwa.

Nawaomba wale waliowahi kusafiri wawili kwa muda mrefu: mlijuaje kipi cha kupanga na kipi cha kuacha? Na je, daftari langu ni busara, au ni hofu tu?

Mzee wa Vumbi

Dada, pole kwa ziwa na pole kwa mafuta. Mimi na mke wangu tumesafiri hivi mara tatu, na kwa maoni yangu daftari lako na "hukohuko" ya mumeo vina kosa moja: vyote viwili vinachukulia mambo yote kuwa ya aina moja. Kuna mambo ambayo ukiyakosea leo utayarekebisha kesho, na kuna mengine ambayo ukifika nayo mpakani yakiwa pungufu, huwezi kufanya lolote isipokuwa kugeuza gari. Mahali pa kulala Jumanne ijayo ni jambo la aina ya kwanza. Haya ninayoyataja ni ya aina ya pili, naye mumeo ayasome mwenyewe.

Anzeni na pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa angalau miezi sita unapoingia. Kwa kuwa mnaondoka baada ya miezi minne na mtakuwa njiani saba, pasipoti iliyo salama ni ile yenye miezi 17 kuanzia leo, pamoja na kurasa tupu za kutosha, kwani kuna mihuri na viza ambazo hula ukurasa mzima. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, mahali kinapodaiwa, huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo hakiwezi kutafutwa siku ya kuvuka. Bahati nzuri ni kwamba tangu Julai 2016 hutambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Leseni ya kimataifa ya udereva ina aina zaidi ya moja: ile ya mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja, na ile ya mkataba wa 1968 inaweza kufikia miaka mitatu. Angalieni kila nchi katika zile tisa inaitambua ipi, kwa sababu wapo wanaolazimika kubeba zote mbili.

Kubwa kuliko yote ni hati ya forodha ya gari, ambayo wasafiri wengi huiita kaneti. Si kila nchi inayoidai, lakini inapodaiwa ndiyo inayokuwezesha kuingiza gari kwa muda bila kulipa ushuru. Kila ukurasa wake una vipande vitatu: cha kwanza huchukuliwa na forodha unapoingia, cha pili unapotoka, na cha tatu hubaki kitabuni kikiwa na mihuri ya pande zote mbili. Ukisahau muhuri wa kutoka, kwa macho ya forodha gari lako bado liko huko, na ushuru wake unaweza kudaiwa kutoka kwenye dhamana uliyoweka. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja wala haipatikani njiani.

Nina la kuungama. Katika safari yetu ya kwanza gari lilikuwa kwa jina la mke wangu, mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha, nasi hatukuwa na barua ya idhini. Ofisa alikuwa na haki ya kuidai. Tulirudishwa, tukalala usiku tatu upande tuliotoka. Hasira yangu yote nilimmwagia mke wangu, ambaye wiki mbili kabla alikuwa ameniuliza kuhusu barua hiyohiyo. Ninalikumbuka hilo kuliko mandhari yoyote ya safari ile.

Neno kwako wewe pia, dada: usikimbilie kuchukua viza zote tisa leo. Nyingine huanza kuhesabu siku tangu zinapotolewa, si tangu unapoingia, na aliyejiandaa mapema mno hufika mpakani na viza iliyokufa.

Hema Jepesi

Naheshimu yote aliyoandika Mzee wa Vumbi, lakini naona mume wa dada hajapata mtetezi hata mmoja, nami nitamtetea kwa moyo wote.

Mimi na mchumba wangu tulianza safari ya miezi mitano tukiwa tumelipia malazi ya siku 40 za mwanzo. Siku ya 12 mchumba wangu alishikwa na homa. Badala ya kukaa kitandani alipokuwa, aliketi garini akitetemeka, kwa sababu kila siku ya kupumzika ilikuwa inaangusha malipo ya siku zilizofuata. Nilimwendesha mgonjwa kilometa 300 ili kuiokoa hela ya chumba, na sijui kama kuna siku nitaacha kujuta. Ratiba iliyobana haijui kwamba mtu huumwa, kwamba daraja hukatika, wala kwamba mtapenda mahali msipopatarajia.

Tulipoyaacha malazi yaliyobaki, tulijiwekea utaratibu mmoja tu: kila siku, kabla ya saa kumi jioni, tuwe tumeshaamua pa kulala, na baada ya jua kuzama gari halitembei. Wanyama barabarani, malori yasiyo na taa za nyuma na mashimo havionekani usiku. Tuliweka pia siku moja katika kila wiki isiyo na kilometa hata moja. Humo ndimo zilimotokea karibu habari zote tunazosimulia leo: watu tuliokula nao, njia za kando tulizoonyeshwa, mto tuliokaa kwenye ukingo wake siku nne.

Dada, lile ziwa lilikuwa siku ya namna hiyo. Gharama ya chumba ungeipoteza mara moja tu.

Binti Ramani

Naona mazungumzo yanakwenda vizuri, lakini kuna jambo ambalo halijaguswa. Katika maelezo ya mleta uzi, mmoja anaandika daftari na mwingine anasema "hukohuko". Namwuliza mleta uzi: huko "hukohuko" kukifika, nani atakayetafuta? Nani atakayekaa na simu usiku kuulizia mpaka unafungwa saa ngapi, fedha gani inakubalika, bima ya mtu wa tatu inanunuliwa dirisha lipi?

Naijua hali hii kwa sababu niliishi ndani yake. Mwenzangu alikuwa mtu huru kweli, na uhuru wake ulisimama juu ya kazi yangu. Alipata furaha ya kugeuza njia ghafla. Mimi nilipata kazi ya kufuta na kupanga upya. Halafu mimi ndiye niliyeitwa mwenye wasiwasi. Sisemi kwamba mumeo ni hivyo, kwa kuwa simfahamu. Nasema kwamba mtu mmoja akishika maandalizi yote, atayashika kwa nguvu kupita kiasi, kwa sababu anajua kwamba akilegeza hakuna mwingine wa kudaka.

Dawa iliyotusaidia ilikuwa kugawana kwa ukamilifu, si kusaidiana. Yeye alichukua gari na hati zake zote, kuanzia kadi ya gari mpaka muhuri wa mwisho. Mimi nilichukua viza, afya na fedha. Njia ya kila siku tuliichagua kwa zamu, mmoja leo na mwingine kesho, na asiye na zamu hakuruhusiwa kunung'unika. Baada ya wiki tatu mwenzangu ndiye aliyekuwa akiuliza mpaka unafungwa saa ngapi.

Daftari la Njia (mleta uzi)

Binti Ramani, nimesoma maneno yako mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mume wangu kwa sauti. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba hakuwahi kufikiri kwamba "hukohuko" ni kazi ya mtu. Hajakubali kila kitu, wala simlazimishi, lakini tulizungumza mpaka usiku bila kutaja mafuta wala ziwa.

Hema Jepesi, nawe nakujibu kwa ukweli. Ulipoeleza juu ya mgonjwa aliyeendeshwa kilometa 300, nilijiona mimi. Ningefanya hivyohivyo.

Nina swali moja la kivitendo. Mume wangu amechagua kushika upande wa gari. Kwa kuwa sitaki kumsimamia, nawaomba mafundi mwambieni nyinyi aanzie wapi.

Spana Kumi na Saba

Kaka, nakuandikia wewe moja kwa moja.

Kwanza ujue gari lako linakunywa kiasi gani likiwa na mzigo wote, si likiwa tupu. Gari lenye tangi la lita 80 linalotumia lita 12 kwa kilometa 100 litakwenda takriban kilometa 660, lakini kwenye mchanga au tope kwa gia ndogo hesabu hiyo hushuka sana. Jaza tangi linapofika nusu, usingoje taa iwake. Ungekuwa na mazoea hayo, zile saa tano zisingekuwapo.

Pili, fanya matengenezo makubwa wiki nne au tano kabla ya kuondoka, kisha uliendeshe. Usibadilishe vipuri siku mbili kabla ya safari, kwa sababu kipuri kipya kilichofungwa vibaya hujionyesha katika kilometa za mwanzo, na ni heri kijionyeshe karibu na gereji yako. Beba mkanda wa feni, filta za mafuta na hewa, fyuzi, na vifaa vya kuziba pancha. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi. Ukiupunguza ili kupita mchangani, usirudi kwenye lami kwa mwendo wa kasi kabla ya kuujaza tena.

Tatu, siku moja fungua gurudumu la akiba wewe na mkeo, kila mmoja kwa mikono yake, kwa jeki mtakayosafiri nayo. Nimeona jeki zisizofika chini ya gari lililoinuliwa, na mwenye gari akagundua hivyo porini.

Mzee wa Vumbi

Naongeza moja kwa kaka, kwa kuwa anapenda kuiachia njia. Zipo sehemu ambazo njia yenyewe imekatika. Wanaoendesha kutoka Amerika ya Kaskazini kwenda Kusini hufika Darién, kati ya Panama na Kolombia, ambako kwa takriban kilometa 100 hakuna barabara, na gari lazima lipakiwe melini. Wenye gari hupanga meli hiyo kabla, na kati ya meli na mwisho wa safari huenda wapendavyo. Na mkipita eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, bila uraia wa huko, wageni wengi hupewa siku 90 tu ndani ya kila kipindi cha siku 180, hata mkilipenda kiasi gani. Tafuteni vizuizi kama hivyo katika nchi zenu tisa. Sidhani kama vitazidi sita au saba.

Daftari la Njia (mleta uzi)

Tumevitafuta pamoja jana jioni, navyo ni vitano: mipaka miwili inayotaka hati ya forodha, viza mbili zenye tarehe, na msimu wa mvua katika nchi ya sita. Mengine yote niliyoyaandika nimeyahamishia kurasa za nyuma, si kama ratiba, bali kama mahali tunapoweza kupafikia tukipenda. Mume wangu ameomba siku ya kwanza tusipange kabisa, nami nimekubali. Nami nimeomba kwamba nikisema "tujaze", tusimame, naye amekubali.

Limebaki swali moja. Gari liko kwa jina lake, lakini tutaendesha sote. Barua ya idhini iandikweje?

Mzee wa Vumbi

Iwe na majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, namba ya usajili, namba ya chesisi na ya injini, nchi mtakazopita, na tarehe ya mwisho iliyo mbele kidogo kuliko ile mnayotarajia kurudi. Ithibitishwe na wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nyaraka, na mwombe mihuri kwenye nakala nne. Kabla ya kwenda kwake, mumeo alale chini ya gari na tochi aisome namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe. Asiinakili kutoka kwenye kadi, kwani kuna kadi zenye tarakimu iliyokosewa, na ofisa wa mpakani huangalia chuma.