Mjadala: Je, Hamilton alikosea kwenda Kongo?

Kipanga: Wadau, nauliza kwa dhati. William Hamilton, bingwa wa elimu ya mageuzi ya viumbe wa Chuo Kikuu cha Oxford, Januari 2000 alikwenda Kongo, vita vikiendelea, kukusanya kinyesi cha sokwe. Alitaka kupima dai kwamba UKIMWI ulitokana na chanjo ya polio ya kumeza iliyotolewa huko mwishoni mwa miaka ya 1950, eti ilitengenezwa kwa chembe za sokwe wenye virusi. Akarudi Uingereza na malaria, Machi akafariki, miaka 63. Dai lenyewe limeanguka. Alikosea kwenda?

Bi Rehani: Alikosea sana. Mtu mwenye jina kama lake akilishika dai la namna ile, analitia nguvu. Wako wazazi waliokataa matone ya polio kwa hofu hiyo hiyo. Na ni yeye aliyetufundisha kwamba undugu ni hesabu ya jeni, yaani chembe za urithi, mnazoshiriki: ndugu wa baba na mama mmoja nusu, mpwa robo, binamu thumni. Asiye wa damu yako, sifuri.

Nahodha: Hapo kwenye sifuri umenigusa pabaya. Nimelelewa na mama asiye na tone la damu yangu. Nilipougua homa ya uti wa mgongo alilala sakafuni usiku kumi na moja, mkono kaupenyeza kwenye vyuma vya kitanda, kanishika kidole. Kafute hiyo sifuri yako.

Bi Rehani: Pole ndugu yangu, sikumlenga mama. Nimesema kanuni inavyosema.

Darubini: Haisemi hivyo, dada. Kanuni yake Hamilton ya 1964 inasema tabia ya kujitolea huenea vizazini ikiwa faida ya anayesaidiwa, ukiizidisha kwa kiwango cha undugu, inazidi hasara ya anayesaidia. Inahusu jeni zinavyosambaa, haimpangii mtu ampende nani. Tazama nyuki: dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, kwa hiyo mabinti zake wote hupata jeni zile zile za baba, na dada kwa dada wanafikia robo tatu. Ndiyo sababu inayotajwa ya nyuki vibarua kulea dada zao badala ya kuzaa.

Nahodha: Naongea habari za mama, unaniletea nyuki!

Msomaji: Na mchwa je? Dume la mchwa lina baba na mama kama sisi, robo tatu hakuna, na vibarua wapo tele. Msiibebeshe robo tatu mzigo wote.

Darubini: La mchwa nakubali. Lakini Nahodha, huyo Hamilton wa hesabu alipokuwa mwanafunzi London alikuwa mpweke mno. Jioni alikwenda kufanya kazi yake kwenye mabenchi ya stesheni ya Waterloo ili tu awe karibu na watu.

Nahodha: Hilo sikulijua. Simchukii yeye. Naumia watu wanaponitajia sifuri.

Kipanga: Jamani, Kongo!

Msomaji: Hakukosea. Michael Worobey, aliyefuatana naye msituni, hakuliacha swali. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa maeneo ya Kisangani, Kongo, ambako ilidaiwa sokwe wa chanjo walitoka, ni tawi jingine, mbali na VVU. Hilo hulijui mpaka mtu ainame aokote kinyesi.

Nahodha: Kumbe alijitia hatarini kwa watu ambao si ndugu zake hata kwa thumni.

Bi Rehani: Sawa, lakini jibu lilikuja 2004. Mtoto aliyenyimwa matone kabla ya hapo, nani alimsubirisha?