Binti yangu anafungwa waya za meno wiki ijayo, nijiandae na nini?

Mama Nasra

Habari za jioni ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 13. Chonge yake ya kushoto imeota juu kabisa ya fizi kwa kukosa nafasi, na meno ya mbele yamepandana. Tangu darasa la tano hacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja, hata kwenye picha za Idi.

Tumempeleka, akapigwa eksirei ya taya zima, akang'ata ule unga uliokorogwa wa kuchukulia umbo la meno. Daktari anasema ang'olewe magego madogo manne, mawili juu mawili chini, ndipo afungwe waya kwa miaka 2 hivi. Meno yenyewe mazima, hayana hata tundu! Hilo linaninyima usingizi. Halafu Januari anaanza kidato cha kwanza, tena bweni. Baba yake anataka tusubiri amalize shule kwanza.

Aliyepitia aniambie ukweli: inauma kiasi gani, atakula nini, na huko bweni itakuwaje? Tuko Temeke.

Chausiku wa Tanga

Shikamoo Mama Nasra. Mimi nimefungwa waya mara 2, nikiwa na miaka 15 na tena nikiwa na 27. Nitakueleza na sababu ya hiyo mara ya pili.

Siku ya kufungwa haiumi. Kubandika hakuna sindano. Wanakuwekea plastiki ya kutanua midomo, wanakausha meno, wanapaka dawa chachu kidogo, wanaisuuza, kisha wanabandika vile vidude kimoja kimoja kwa gundi na kuimulika kwa taa ya bluu. Mimi ilichukua zaidi ya saa nzima na kilichonichosha ni kukaa mdomo wazi. Kama magego yatavishwa pete, siku chache kabla wanaweza kumwekea vipira vya kuyatenganisha, na ile hali ya kama nyama imekwama katikati ya meno inakera kuliko waya wenyewe.

Maumivu yanakuja jioni. Nilikata tonge la ugali, nikang'ata mara moja, nikalirudisha kwenye sahani. Siku ya pili ndiyo mbaya, kisha yanapungua, na wiki ikiisha nilikuwa nakula wali kama kawaida. Panadol ilitosha. Mama alinipikia mtori siku 3 mfululizo, na asubuhi uji wa ulezi. Mashavu na midomo ya ndani itachubuka mpaka izoee: asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na pale panapokwaruza abandike nta wanayopewa kliniki. Kila waya unapokazwa yanarudi kidogo, siku moja au mbili.

Muhindi wa kuchoma, miwa, bisi, karanga ngumu, kashata, kutafuna mifupa: aache mpaka waya zitoke. Mimi kidude kilibanduka kwa muhindi pale stendi, na jino lile likakaa bila kuvutwa mpaka nilipokibandikisha tena. Embe na nyama akate vipande vidogo, atafunie pembeni. Mchicha na mlenda vitajizungusha kwenye waya, basi asitoke mezani bila kujitazama kwenye kioo.

Sasa mswaki. Kila akila apige mswaki, juu ya waya na chini ya waya, jino kwa jino, na kile kibrashi chembamba kipite katikati. Dawa iwe yenye floraidi. Nilipokuwa mvivu ukoga ulikaa kuzunguka vidude, na vilipotolewa jino langu la juu la kulia likawa na doa jeupe kama chokaa. Lipo mpaka leo.

Na mara ya pili? Waya zilitoka baada ya miezi 22, meno yamepangika kama shanga. Nikapewa kishikio cha kuvaa ili meno yasirudi, wenyewe wanakiita riteina. Kwenye sendoff ya binamu yangu nikakivua ili nile, nikakifunga kwenye tishu, nikakiweka kando ya sahani. Wahudumu wakazoa sahani na tishu yake. Niliona aibu kumwambia baba, aliyekuwa amelipa kwa awamu kutoka mshahara wa ualimu, kwamba kingine kinatakiwa. Nikanyamaza. Ndani ya mwaka mmoja meno ya chini yalianza kupandana tena. Mara ya pili nimelipa mwenyewe. Mama Nasra, kwenye bajeti yako weka kishikio, na hela ya kishikio cha akiba.

Tabibu wa Kinywa

Mama Nasra, uchungu wako wa kung'oa meno mazima nauelewa, kila mzazi anauliza hivyo. Taya likiwa dogo kuliko meno yake, chonge haina pa kushukia. Nafasi ya gego dogo ndiyo inayofunguliwa kwa ajili yake. Si kila mtoto huhitaji kung'olewa, kwa hiyo una haki ya kumwambia daktari akuonyeshe kwenye eksirei na akueleze kama ipo njia nyingine. Hakikisha ni daktari bingwa wa kupanga meno, na kama moyo haujatulia, tafuta maoni ya bingwa wa pili kabla ya kung'oa. Jino likishatoka halirudi.

Kuhusu kusubiri: hata mtu mzima hufungwa waya, ila umri wa Nasra ni mzuri kwa sababu bado anakua. Jino haliburutwi tu. Mfupa huyeyuka upande linakosukumwa na kujengeka upande linakotoka. Ndiyo maana ni miaka, na ndiyo maana likiachiwa mapema hurudi.

Baba Eliya, Arusha

Wa kwangu alifungwa akiwa bweni. Tulichofanya: barua ya daktari kwa matroni yenye tarehe zote za kliniki, maana ni kila wiki 4 hadi 8 na ruhusa haiji yenyewe. Kimfuko chake kilikuwa na mswaki, kibrashi, nta, kioo kidogo na Panadol aliyokabidhiwa matroni. Makande ya shule alikula, ila aliyachambua kwanza, mahindi magumu akaacha. Waya ukichoma shavu aufunike kwa nta, asiukate mwenyewe, nanyi mpige simu kliniki.

Na kwa wazazi wa huku kwetu: maji yetu yana floraidi nyingi na watoto wengi meno yao ni ya kahawia. Waya hupanga, haziondoi rangi. Muulizeni daktari kabla ya kuanza, mtoto asije akategemea kisichokuwepo.

Mama Nasra

Mungu awabariki. Nimempa baba yake simu asome mwenyewe, amesema kesho tunaenda kuonyeshwa hiyo eksirei. Nasra naye anauliza kama ni kweli mtu anachagua rangi ya vile vipira vidogo vinavyoshikilia waya kwenye vidude.

Chausiku wa Tanga

Anachagua, na vikibadilishwa anachagua tena. Mwambie asichukue vyeupe, mchuzi wa binzari utavigeuza njano siku hiyo hiyo. Mimi nilipendelea bluu iliyoiva.