Nataka kuacha kliaringi niingie maketing ya mtandaoni, ila blogu yangu sitaki iguswe. Nishaurini

Binti_Kisauni
Asalaam aleikum wenzangu, na habari za jioni kwa wote. Humu nasoma kimyakimya zaidi ya mwaka, leo nimeona nifungue mdomo manake kichwa kimejaa.

Nina miaka 34, watoto wawili, nafanya kliaringi na fowadingi, yani kuwatolea watu mizigo bandarini, hapa mjini Mombasa mwaka wa 9 sasa. Makaratasi tu, kuingiza entri kwenye mfumo wa KRA, wale wa ushuru, kufukuzana na kampuni za meli, kubishana na watu wa CFS, zile yadi za kontena, kuhusu storeji, ada ya mzigo kukaa pale. Ile miaka mizigo ilipolazimishwa kupanda reli kwenda Nairobi tulikuwa 14 ofisini tukabaki 6, na hata hio amri ilipoondolewa 2022 kazi zikarudi bandarini mshahara wangu haukurudi nazo. Napata 38,000 na huingia tarehe 12 kama bosi yuko na moyo mzuri.

Sasa mimi niko na blogu tangu 2019. Mapishi ya nyanyangu, visa vya feri ya Likoni, mambo ya Mji wa Kale, chochote kilichonikaa rohoni, naandika usiku watoto wakilala. Haijawahi kunipa hata senti na sijawahi kuiomba. Lakini Ramadhani iliyopita posti moja ya kaimati ikasomwa mara 9,000, wallahi nkadhani mtambo umeharibika. Nkaanza kuchimba kwa nini, nkamaliza ile kozi ya bure ya Google ya moduli 26, nkajikuta naipenda hii kazi yenyewe, kujua mtu ameandika nini pale Google usiku wa manane na kwa nini amekuja kwangu.

Kuna ofisi ndogo ya matangazo upande wa Nyali imeniita. Watanipa 30,000 miezi mitatu ya kwanza halafu "tutaangalia". Bosi ameisifu blogu sana, kisha akasema nikianza kazi blogu iingie chini ya ofisi, wateja wao watangazwe ndani ya mapishi. Nkamuuliza na nikiondoka? Akacheka.

Mume wangu asema nifuate roho yangu lakini macho yake yasema kodi ya nyumba. Niende? Blogu nifanyeje? Na kwani 34 si nshachelewa?

Kobe_Mkavu
Mimi 41 nimejifunza kuendesha tuktuk mwaka huu. Umechelewa wapi.

Fundi_Matangazo
Waaleikum salaam dada. Mimi nilikuwa risepsheni hotelini Bamburi, sasa mwaka wa 6 natangazia watu wa fulati za wageni, kwa hio ntakwambia nilichokiona na usinichukulie vibaya.

Kwanza hii kazi sio ile watu wadhania. Sio kuandika maneno matamu chini ya picha ya madafu. Asubuhi nafungua akaunti za wateja naangalia jana tangazo lilikula shilingi ngapi likaleta simu ngapi, nikiona limekula 1,500 halijaleta hata mtu mmoja nalizima kabla mwenyewe hajaamka. Mwezi wa Mei mvua za masika zimepiga, Nyali nzima hakuna mgeni, mteja akupigia saa 4 usiku auliza kwa nini hakuna bukingi, na wewe si Mungu wa kusimamisha mvua. Desemba pamejaa, hapo hakupigii hata kusema asante, atasema ni msimu. Na vitu vyabadilika kila saa, mimi nilikuwa nimeizoea Analytics ya zamani, ile ya kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti, kama jikoni kwangu, Julai 2023 Google wakaizima nkaanza upya kama mtoto wa nasari.

Pili hio kaimati. Unajua una nini hapo? Fungua Search Console, ile ya Google ya kuonyesha watu wamekupata vipi, toa skrinshoti ya yale maneno watu waliyotafuta, ilionekana mara ngapi, ikabonyezwa mara ngapi, na tarehe ilipoanza kupanda. Ntaweka dau ilianza kupanda kabla ya mwezi kuandama, manake watu hutafuta mapishi mapema, mwezi ukiandama kila mama ashajua atapika nini. Ukiweza kumweleza mtu kwa dakika tano kwa nini posti yako ilipanda na ungefanya nini mwaka ujao ipande zaidi, hio yashinda cheti. Vyeti vya bure kila mtu anavyo, mimi ninavyo saba, hakuna mteja hata mmoja ameniomba nimwonyeshe.

Kuhusu 30,000 sijui, wewe ndio wajua bei ya unga kwako. Mimi singetoka kwenye 38,000 inayochelewa kwenda kwenye 30,000 ya "tutaangalia".

Shangazi_wa_Mtaa
Mwanangu hio blogu USIWAPE. Naandika kwa herufi kubwa makusudi.

Mimi nilikuwa nayo yangu, ya mambo ya harusi, hina, kupamba, singo, watu walikuwa waja mpaka kutoka Lamu na Zanzibar. Nkaambiwa weka matangazo, nkaweka. Nkaambiwa andika kuhusu sabuni fulani ya kung'arisha ngozi nkapewa 5,000, nkaandika. Halafu mafuta. Halafu chai ya kupunguza tumbo. Mwaka haukwisha nafungua blogu yangu mwenyewe siijui, kama mtu aingiaye chumbani kwake akute wapangaji. Wasomaji hawakunitukana, waliacha kuja tu, na hilo lauma zaidi ya tusi.

Angalia pia jina la tovuti limesajiliwa kwa nani. Kama ni .co.ke hakikisha barua pepe iliyosajiliwa ni yako wewe na nywila ni yako, sio ya yule kijana aliyekutengenezea. Nimeona mtu amelia kwa hilo.

Mjuzi_wa_Kozi
Dada nina kozi ya wiki 2 tu 15,000 utaanza kupata 100k kwa mwezi uhakika, njoo inboksi nafasi zimebaki 3

Kobe_Mkavu
Wewe nafasi zako 3 hazijaisha tangu mwaka juzi 😂 hio pesa ampe mtoto ada ya shule

Karani_Kilindini
Nimesoma huu uzi kwenye foleni ya lango la bandari kwa hio mnisamehe nikiandika ovyo.

Dada sisi ni kazi moja. Naona wote wakwambia kuhusu kaimati hakuna aliyekwambia kuhusu hio miaka 9. Wewe waacha pochi mezani watoka na mfuko wa plastiki.

Fikiria. Mtu ameagiza Demio, kile kigari kidogo cha Mazda, kutoka Japani, ameona bei ya kule afikiri ndio bei. Hajui ushuru haukokotolewi kwa hela aliyonunulia, KRA waangalia CRSP, yani bei ya gari hilo likiwa jipya, watoa uchakavu kulingana na umri, ndio sasa forodha, ekisaizi, VAT 16%, IDF (ada ya tamko la uagizaji), RDL (ushuru wa reli) vyapangwa juu yake. Hajui gari likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii Kenya. Hajui siku za bure zikiisha storeji yaanza kuhesabu hata kama ni sikukuu. Huyu mtu usiku yuko Google aandika "ushuru wa gari Mombasa" na anachokuta ni kurasa za watu wa Nairobi waliokopiana, nusu yake ya zamani. Wewe hayo wayajua ukiwa umefumba macho.

Ofisi za kliaringi hapa mjini ziko chungu nzima na tovuti zao ni picha ya kontena na namba ya simu ya mezani iliyokatwa. Waandikie hao. Mteja mmoja akiletwa na ukurasa wako wakamtolea gari lake, wamesharudisha hela yako ya miezi. Kaimati uache iwe kaimati.

Mtoto_wa_Majengo
Na namba za simu za waagizaji si unazo hapo ofisini? Wafungulie grupu WhatsApp watangazie moja kwa moja, rahisi

Mhasibu_Pole
@Mtoto_wa_Majengo wataka dada afungwe? Zile namba watu walizitoa ili mizigo yao itolewe, hawakuzitoa wapigiwe makelele. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na watu washalipishwa faini. Acha hata sheria, ni namba za mwajiri wake.

Dada nikiwa hapa, siku ukiamua blogu ilete hela, AdSense, yale matangazo ya Google, hawatumi malipo mpaka ufike dola 100, na ukifika 10 watakutumia PIN kwa posta kwa hio weka sanduku la posta ambalo mtu huliangalia kweli. Halafu tangu sheria ya fedha ya 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali hukatwa 5% kwa mkazi wa Kenya. Weka karatasi zako sawa toka mwanzo.

Binti_Kisauni
Jamani nimesoma yote, Shangazi umenitoa machozi kidogo.

Lakini Karani, mimi hii bandari naikimbia! Miaka 9 nalala naota nambari za kontena, sasa mwanirudisha kule kule kwa mlango wa nyuma?

Karani_Kilindini
Waikimbia bandari au waikimbia tarehe 12? Ni vitu viwili.

Binti_Kisauni
...tarehe 12.

Fundi_Matangazo
😂😂 Haya basi. Fanya hivi, usiache kazi bado. Tafuta ofisi moja ambayo haigombanii wateja na ya bosi wako, hilo muhimu, sio uwe wala sahani mbili za mchuzi mmoja. Waandikie kurasa nne tu, zijibu maswali manne ambayo wewe huulizwa kila siku kwa simu. Mwambie mwenyewe mapema Google haitakuona wiki ya kwanza, yaweza kuchukua miezi, asije akakudai kama fundi wa bomba. Weka akiba ya kodi ya miezi 4 au 5 ndio uongee kuhusu kuacha. Na wale wa Nyali waandikie kwa adabu kwamba kazi waitaka, blogu haimo. Wakikataa umejua walichokuwa wanataka.

Binti_Kisauni
*(wiki saba baadaye)*
Nimerudi wenzangu, msidhani nilipotea.

Wale wa Nyali niliwaandikia. Wakajibu kwa mstari mmoja kwamba "nafasi imechukuliwa". Shangazi najua utasema nini, usiseme.

Kazi bado sijaacha. Nimepata ofisi moja, hao ni magari tu na sisi kwetu ni kontena za bidhaa, kwa hio hatugongani, na bosi wangu nimemwambia waziwazi akasema bora nisichelewe asubuhi. Wanilipa 12,000 kwa mwezi. Nimewaandikia kurasa sita, ile ya gari lisizidi miaka 8 ndio yafanya vizuri, imeonekana mara 2,100 imebonyezwa mara 64 na simu tisa zimeingia ambazo aliyepiga alisema amesoma. Wawili wamelipa. Tarehe mosi hela yangu ilikuwa kwa M-Pesa saa 2 asubuhi, nkamwonyesha mume wangu simu bila kusema kitu, akaenda kununua mahamri na mbaazi.

Blogu iko vile vile. Juzi nimeandika kuhusu yule mzee wa kahawa anayegonga vikombe, watu 40 wamesoma, nimefurahi kuliko zile 2,100.

Sasa shida mpya. Mwenye ofisi ya magari ameiona blogu, mkewe ndio alimwonyesha, na amenipigia jana ataka nimwekee posti ya kaimati kwenye tovuti yake ya kutoa magari bandarini kwa sababu "ndio inayoleta watu". Namwambiaje bila kupoteza 12,000?

Karani_Kilindini
Mwambie kaimati hazina CRSP.