Mimi SI Wakili wa Serikali! Hawa wateja wa kupangiwa watanitoa roho

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina mwaka wa pili tangu niapishwe. Siku hizi napangiwa kesi za mauaji Mahakama Kuu, zile ambazo mshtakiwa hana uwezo hivyo anawekewa wakili kwa gharama za serikali. Jana mzee mmoja kanikataa mbele ya Jaji: "Mheshimiwa, huyu binti simtaki. Ni wakili wa serikali." Mahakama nzima kicheko, hadi askari magereza. Wakili wa Serikali halisi, anayetaka mzee anyongwe, kakaa pembeni kajikausha kama hayumo.

Mimi ni wakili wa kujitegemea jamani! Serikali inanilipa posho tu nikutetee, na posho yenyewe inakuja ikijisikia. Nikamweleza hayo taratibu. Akanitazama: "Aliyenikamata serikali, aliyenifunga serikali, anayekulipa wewe serikali. Sasa wangu nani?" Nikakosa jibu, nikajifanya napekua faili.

Lakini wanaoniua kabisa ni wanasheria wa selo. Kila gereza lina mahabusu mkongwe anayejiona jaji mstaafu. Mteja mimi ananificha, huyo mkongwe anamwagiwa yote. Mwezi uliopita nilimuuliza kijana mmoja mara tatu, siku ya tukio ulikuwa wapi? "Nyumbani, nimelala." Haya. Mashahidi wa mashtaka nikawadodosa kwa msingi huo. Wakaisha. Kijana anaanza kujitetea, naye huyoo, alikuwa msibani wilaya nyingine na shahidi anaye! Mawakili mnajua: kama unadai hukuwepo eneo la tukio, taarifa inatolewa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ukiibuka nayo mwishoni, Jaji anaweza asiipe uzito wowote. Kumbe mkongwe wake alimwambia, "Usimpe karata zote, atauza kesi." Kosa ambalo adhabu yake ni moja tu, kunyongwa, na mtu anacheza karata!

Ndugu nao. Wananasa kwa kishoka getini, wanauza ng'ombe, wanaahidiwa kwamba "Jaji ni mtu wetu". Kishoka akiyeyuka, lawama kwangu. Juzi mama mmoja kanipigia saa tano usiku: "Mwanangu, tukikuongezea kidogo, utamtetea kweli?" Yaani hadi sasa nafanya maigizo?

Halafu eti nijenge imani na mteja. Kwa muda upi? Karandinga linaingia saa mbili na nusu, Jaji anakaa saa tatu, tunanong'onezana kwenye mlango wa mahabusu ya mahakama, askari kasimama karibu nasikia anavyopumua. Yule mzee wa jana amekaa ndani miaka mitano. Dhamana kwa mauaji hakuna, na kila wiki mbili alikuwa akipelekwa kusomewa kwamba upelelezi haujakamilika. Faili lake mimi nimelipata Ijumaa jioni.

Jaji kaahirisha hadi Alhamisi niongee naye tena, akinikataa apangiwe mwingine. Na sitaki apangiwe mwingine, maana maelezo yake ya onyo (yale aliyoandikwa polisi) nimeyasoma na yana tundu la kupita lori.

Mawakili wakongwe humu, mtu kama huyu mnamwanzia na neno gani? Atakayeniambia "njoo PM" tutakosana.