Sigiri, gesi, oksijeni au tanuru la umeme: njia ipi ni salama zaidi kwa kulainisha shaba nyumbani?

Mfua_Bangili (Makindye, Kampala)

Salaam kwenu mafundi wenzangu. Ninatengeneza bangili na sahani ndogo za mapambo kwa bati la shaba ya njano, ile ambayo wengi wetu huiita brasi, na kwa miaka 3 nimekuwa nikijibanza katika karakana ya rafiki huko Katwe. Karakana hiyo inahama mwezi ujao, nami nimeamua kufanyia kazi nyumbani, kwenye ua wa nyuma wa nyumba ninayopanga. Huko kuna kibanda cha mabati cha mita 3 kwa 2 hivi, chenye ukuta mmoja wa mbao unaopakana na jiko la jirani.

Kama mnavyojua, shaba ikifuliwa kwa nyundo hukakamaa, na ukiendelea kuigonga bila kuirudisha motoni hupasuka kwenye kingo. Bangili moja pana huilainisha mara 4 au 5 kabla haijakamilika, kwa hiyo moto kwangu ni wa kila siku. Nina njia 4 mbele yangu: sigiri ya makaa yenye mivukuto, tochi inayotumia gesi ya kupikia, mitungi ya oksijeni na asetilini (gesi ya kuchomelea vyuma), na tanuru dogo la umeme. Bei zake nimekwisha kuziulizia. Ninachowaombeni mnieleze ni njia ipi haitaniunguzia nyumba, wala kumuunguzia jirani yangu.

Nyundo_ya_Jinja

Karibu, ndugu. Mimi ni mtu wa makaa tangu ujana wangu, wakati shaba ya mgodi wa Kilembe ilipokuwa bado inaletwa kuyeyushwa hapa Jinja, kwa hiyo usishangae nikianza kwa kuisifu sigiri. Makaa hupasha bati lote kwa utulivu, hayana mpira wa kuvuja, na fundi akiona moto umezidi huacha tu kuvukuta.

Hata hivyo, nitakuwa mkweli, kwa sababu umeuliza habari ya nyumba kuungua. Makaa yanapowaka hayanisumbui. Yanayonisumbua ni yale yanayodhaniwa yamezimika. Jioni moja niliimwagia sigiri maji kidogo, nikasikia ule mlio wa shii, nikaona mvuke, nikaridhika. Majivu nikayatupa kwenye shimo la takataka kando ya uzio wa matete. Alfajiri niliamshwa na mke wangu akiniuliza kwa nini nje kumekuwa na mwanga kabla ya jua. Tangu siku hiyo majivu yangu hulala katika ndoo ya chuma yenye maji, huyakoroga kwa fimbo, na siyatupi mpaka nishike ubavu wa ndoo kwa kiganja na kuukuta baridi kabisa.

Jambo la pili ni kwamba makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na katika kibanda kilichofungwa inaua. Mvua ikinyesha utashawishika kuiingiza sigiri ndani na kurudisha mlango. Usithubutu.

Mchomeleaji_Arua

Shikamoo mzee wa Jinja, umenena vyema. Mimi nachomelea kwa oksijeni na asetilini kila siku ya kazi, na ushauri wangu kwa Mfua_Bangili ni kwamba mitungi hii asiipeleke nyumbani kwake. Mwali wake hufika nyuzi 3,100 za Selsiasi, ilhali shaba ya njano ya kawaida, yenye sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, hulainika vizuri kati ya nyuzi 425 na 750, na huanza kuyeyuka kwenye 915 hivi. Ukigeuza shingo kumjibu mtoto, bati lako limeshatoboka.

Zaidi ya hapo, zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Ukiona moshi mweupe unapanda kutoka kwenye bati, na kuzunguka mwali kumekuwa na unga mweupe kama wa muhogo, ujue umeunguza zinki. Ukiuvuta moshi huo, baada ya saa kadhaa utapatwa na homa na kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kwa kawaida hali hiyo hupita baada ya siku moja au mbili, lakini katika nchi yetu mtu anaweza kumeza dawa za malaria bure huku akirudi kila siku kwenye moshi uleule. Kuhusu maziwa ambayo wachomeleaji wengi hunywa ili kujikinga, mimi pia huyanywa kwa sababu nayapenda, ila hayazuii chochote.

Asetilini yenyewe ina tabia zake. Mtungi wake haulazwi, kwa kuwa ndani mna asetoni inayoishikilia gesi, na shinikizo kwenye mpira halipaswi kuzidi baa 1 hivi, kwani likipita hapo gesi inaweza kulipuka hata bila hewa. Na wewe mfua shaba una mtego wako wa peke yako: mpira ukikatika, mkono utakwenda wenyewe kwenye kibomba cha shaba ulichokikata jana ili uunganishe. Asetilini ikikutana na shaba nyekundu huweza kufanya chumvi inayolipuka kwa kuguswa tu, ndiyo maana mabomba ya shaba nyekundu hayatumiwi kwa gesi hiyo. Upande wa oksijeni, usipake mafuta wala grisi kwenye nati yoyote, hata ikikataa kufunguka.

Dada_Tanuru (Entebbe)

Ninatumia tanuru la umeme kwa vyungu na kwa shaba, nami nashangaa kwamba wazee wangu wamelipita kana kwamba halipo. Halina mwali, halina cheche, na lina kipimo cha joto, kwa hiyo ukiweka nyuzi 550 utapata 550. Kwa upande wa moshi wa zinki na bati kuyeyuka, hakuna njia nyingine inayolifikia.

Udhaifu wake niliuona mwenyewe. Siku moja umeme ulikatika saa kumi jioni nikiwa na vipande ndani. Nilisubiri, nikachoka, nikafunga karakana nikaenda msibani bila kuzima swichi ukutani. Umeme ulirudi usiku nikiwa mbali. Tanuru likapanda lenyewe, na kwa bahati mbaya juu yake nilikuwa nimeanika glavu na kitambaa. Nilivikuta vimekuwa vyeusi, na rangi ya dari imebabuka. Sasa nina utaratibu mmoja: umeme ukikatika, kabla ya kutafuta hata tochi ya kumulika, ninachomoa plagi.

Angalia pia nyaya. Tanuru la wati 2,400 kwa volti 240 huvuta ampea 10 kwa saa nzima bila kupumzika, si kama birika linalochemka dakika tatu. Waya wa kuongezea ukiachwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi kuyeyuka, hivyo ni lazima uufungue wote. Katika nyumba ya kupanga ambayo nyaya zake hujui zilitandazwa na nani, mwite kwanza fundi umeme aliyesajiliwa.

Mzimamoto_Mstaafu (Mbarara)

Nimesoma yote kwa makini. Nilitumikia zimamoto, ambayo kama mjuavyo iko chini ya Jeshi la Polisi, na sasa nimestaafu. Naomba nizungumzie gesi ya kupikia, kwa sababu naona mwishowe ndiyo atakayoichukua, na kwa ua kama wake hata mimi ningeichukua.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani kama watu wanavyofikiri, bali humwagika chini kama maji, ikatambaa sakafuni na kukaa kwenye mashimo, mitaro na vyumba vilivyo chini zaidi. Inatosha iwe kama sehemu 2 katika 100 za hewa ili iweze kuwaka. Sasa fikirieni jiko la jirani nyuma ya ukuta ule wa mbao, lenye sigiri yake chini. Gesi iliyovuja kwa Mfua_Bangili inaweza kuwakia kwa jirani, kisha moto ukarudi kwake kwa njia ileile.

Kwa hiyo usifanyie kazi ndani ya kibanda. Toka uani, mahali penye paa lakini pasipo kuta, angalau mita 3 kutoka kwenye ule ukuta. Mtungi usimame wima, nyuma yako, upande upepo unakotoka, mbali na mwali kadiri mpira unavyofika. Kila asubuhi chovya brashi kwenye maji ya sabuni na upake maungio yote. Ukiona mapovu yanavimba, hakuna kazi mpaka urekebishe. Wengine hutafuta mahali panapovuja kwa njiti ya kiberiti. Hao nimewahi kuwabeba. Jioni funga vali ya mtungi kwanza, acha mwali umalize gesi iliyobaki kwenye mpira, kisha ndipo ufunge tochi.

Gesi ikishika moto kwenye mpira au kwenye vali, lengo lako ni kufunga mtungi. Kama huwezi kuufikia, usihangaike kuuzima mwali, kwa kuwa gesi itaendelea kutoka bila kuwaka na kukusanyika, na mwako wa pili ndio utakaong'oa paa. Ondoa watu, piga 999 au 112. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu na ndoo ya mchanga. Maji yawepo kwa ajili ya mbao na nguo, yasitumiwe kwenye petroli wala kwenye tanuru la dada yetu likiwa bado limechomekwa.

Nyundo_ya_Jinja

Niongeze jambo dogo kuhusu macho. Wekundu hafifu wa shaba unaonekana kivulini tu. Ukifanya kazi juani saa saba mchana, wekundu wa nyuzi 550 hauuoni kabisa, utaendelea kupasha, na utakapouona utakuwa umeshapita. Tena shaba ya nyuzi 300 inafanana kabisa na shaba ya baridi. Vidole vyangu viwili vinalijua hilo vizuri kuliko kichwa changu. Kila kipande kikitoka motoni nakitumbukiza majini palepale kwa koleo. Shaba ya njano haikakamai kwa kupozwa ghafla kama kinavyokakamaa chuma cha kisu, kwa hiyo hupotezi kitu, na kipande kilicho majini hakiwezi kuangukia gunia. Ila bomba au kitu chenye tundu usikichovye ukielekeza tundu usoni, maana mvuke hurushwa kwa nguvu.

Mwana_wa_Gulu

Naomba kuuliza swali linalokaribiana. Huku kwetu wauza vyuma chakavu huleta wakati mwingine maganda ya risasi yaliyotumika, na nimesikia kwamba ni shaba bora sana ya kufulia. Nimesoma pia kwamba huko Marekani walengaji shabaha huyalainisha nyumbani kwa tochi ili wayajaze tena. Je, naweza kuyaweka kwenye sigiri?

Mzimamoto_Mstaafu

Hapana, mwanangu. Ni kweli kwamba maganda mengi ni ile shaba ya 70 kwa 30, na ni kweli kwamba wale wa Marekani hupasha shingo ya ganda kwa sekunde chache tu, wakiliacha tako lake likiwa gumu, kwa sababu tako ndilo linalobeba shinikizo. Lakini wanajua kila ganda limetoka wapi, na baruti huwekwa mbali na meza ya moto. Wewe hujui. Ganda linaloonekana tupu linaweza kuwa na fataki (kiwashio cha baruti) ambayo bado haijalipuka kwenye tako, na ndani ya makaa italipuka na kurusha vipande vya shaba na makaa yenyewe usoni mwako. Katika gunia moja la vyuma chakavu, hasa kaskazini kulikopigwa vita miaka mingi, risasi nzima inaweza kujificha katikati ya maganda matupu. Isitoshe, mambo ya silaha na risasi yana sheria yake tangu mwaka 1970, na afande atakayekukuta na gunia hilo hatauliza kama ulitaka kufua hereni. Usiyaguse, usiyachome, waite polisi waje kuyachukua. Nunua bati.

Mchomeleaji_Arua

Naunga mkono. Na bomba za maji za zamani pia uwe nazo macho, kwa kuwa shaba yake mara nyingi ina risasi, yaani ile metali laini, na huweza kupasuka ukiigonga.

Mfua_Bangili (Makindye, Kampala)

Nawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu. Nimeamua kuchukua gesi, mtungi wa kilo 6, na kibanda nitakiachia fuawe na nyundo tu. Jana nilipima ua kwa kamba: chini ya mwembe kuna mita 4 kutoka ukuta wa mbao, na kivuli kinakaa hapo mpaka saa tisa. Nimeanza kupanga meza ya matofali ya kuchoma, nikiyaanika kwanza juani siku mbili, kwa sababu katika karakana ya Katwe tofali lenye unyevu liliwahi kupasuka chini ya tochi na kipande chake kikanipiga kifuani.

Limebaki jambo moja ambalo bado linanisumbua. Majani ya mwembe huanguka mchana kutwa, makavu, na upepo huyasukuma mpaka miguuni mwa meza. Je, nifagie kila saa, au niezeke juu ya meza mabati mawili?

Mzimamoto_Mstaafu

Fanya yote mawili. Mabati yakae juu, angalau mita moja na nusu kutoka kwenye mwali, na ufagio uwe wa kwanza kushikwa asubuhi, kabla ya sabuni. Na jirani mwambie unachofanya, umwonyeshe vali ya mtungi inavyofungwa.