Baiskeli mpya ya milimani: tupeane uzoefu wa siku za mwanzo

Wakuu, hatimaye chombo kimeingia ndani. Tairi za inchi 29, shokapu mbele, breki za diski za mafuta. Usingizi sipati, nawaza njia za msituni tu. Mlionitangulia mwageni uzoefu: nyie mlianzaje, na nikague nini kabla ya kuingia porini?

Mdau wa kwanza:
Hongera mkuu. Anza na breki. Diski mpya hazishiki sawasawa. Yangu ilikuwa inateleza hadi nikahisi nimeuziwa kimeo. Fundi akanielekeza: tafuta sehemu tambarare, ikimbize, bana breki moja polepole mpaka ukaribie kusimama, gurudumu lisijifunge, achia. Rudia kama mara 20, kisha hamia breki nyingine. Pedi za breki zinajipaka kwenye diski, na ndipo zinaanza kung'ata. Mafuta ya cheni yasisogee hapo kabisa, wala usishike diski kwa vidole.

Mdau wa pili:
Breki sawa, ila kwangu mchawi alikuwa upepo. Wengi wetu tunajaza tairi hadi zinagoma kubonyea, halafu tunalalamika njia mbaya. Kwenye mizizi nilirushwa hadi meno yanagongana! Siku hizi naweka psi (kipimo cha upepo) 25 mbele na 28 nyuma. Nina kilo 70 hivi, tairi pana za inchi 2.3, hazina tyubu. Mwenye tyubu aongeze kidogo, maana tairi laini ikigonga jiwe, tyubu inabanwa na rimu na unapata pancha ya matundu mawili pamoja, utadhani umeng'atwa na nyoka.

Mdau wa tatu:
Mbona mnamtisha mwenzenu kwa spana? Raha hamsemi. Mkuu, subiri mteremko wako wa kwanza wa asubuhi, udongo una unyevunyevu, umesimama juu ya pedeli zote mbili zikiwa usawa, magoti yamelegea, baiskeli inacheza chini yako. Macho yaende mbali, pale unapotaka kupita. Ukilikodolea jiwe, unaliendea.

Mdau wa nne:
Mimi na yangu tulikosana mlimani, gia zikaanza kurukaruka zenyewe. Kumbe kebo mpya zikishatumika kidogo hulegea. Pale kebo inapoingia kwenye kibadilisha gia cha nyuma kuna kirungu kidogo cha kuzungusha. Robo mzunguko kinyume cha saa, ikatulia. Na pedeli ya kushoto hukazwa kinyume, msije mkaua nyuzi za kranki, ule mkono unaoshika pedeli.

Mdau wa tano:
Anayelia na breki awakumbuke jamaa wa Marin County, California. Oktoba 1976 walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu za breki ya kukanyaga kinyumenyume. Breki zilichemka hadi grisi ikawa moshi, wakifika chini wanapaka upya. Ndiyo maana mbio zile ziliitwa Repack, yaani kupaka upya. Sisi tunadeka.

Mwanzisha uzi:
Nacheka peke yangu hapa. Kesho asubuhi ni breki na upepo. Sasa hii shokapu mbona ngumu hivi? Ni ya hewa.

Mdau wa pili:
Vaa mzigo wako wote, simama juu ya pedeli. Ikizama pungufu ya sehemu moja ya tano ya urefu wake wa kucheza, punguza hewa kidogo kidogo. Tumia pampu yake maalumu, hiyo ya tairi haifai. Picha iko wapi?