Tupeane uzoefu: ulijiandaaje na intavyu ya kazi, na ikakuendeaje?

Mleta uzi
Wakuu habari za muda huu. Nimeitwa intavyu Alhamisi saa tatu asubuhi na sifichi, tumbo linaunguruma, maana hii ni ya nne na tatu zilizopita nimetoka kapa. Nianze na aibu yangu ili na nyie mfunguke. Kwenye sivii niliandika "niliongoza timu ya watu sita". Hiyo sentensi niliiokota kwenye sivii ya mshkaji nikabadilisha namba tu, nikaona imekaa vizuri. Siku ya siku wako watatu mezani, mama mmoja mwenye miwani kashika sivii yangu, hiyo sentensi kaipigia mstari kwa kalamu, akaniuliza kwa upole kabisa, hao sita kila mmoja alikuwa anafanya nini? Wa kwanza nikamtaja, wa pili nikamtaja, wa tatu nikaanza kumung'unya, wa nne nikamrudia wa pili nikambadilishia kazi. Mama akaandika kitu kifupi sana kwenye karatasi yake. Na usiku wa kuamkia hapo sikulala, nakariri kampuni ilianzishwa mwaka gani, mkurugenzi anaitwa nani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Haya leteni za kwenu, za kupata na za kuchemka zote.

Kalamu Kavu
Aliandika sifuri hahaha natania mkuu, pole. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza mara nyingi tu, acha niwaambie kinachoendelea kwenye zile karatasi. Sehemu nyingi zinazofanya usaili kwa utaratibu, maswali yanapangwa kabla, kila anayeingia anaulizwa yale yale na kila swali lina alama zake, kwa hiyo kile tunachoandika ni ulichosema, siyo ulichokusudia kusema. Sasa mtu anaingia, ana uzoefu kweli unauona, unamwuliza tupe mfano wa siku mteja alikuja amekasirika ukafanyaje, anaanza "huwa tunamsikiliza mteja, tunamhudumia kwa weledi, tunahakikisha anaridhika". Nani tunamsikiliza? Lini? Hapo sina pa kuweka alama. Akaja binti mmoja akasema mteja alitozwa mara mbili, nikafungua kumbukumbu nikaona kosa ni letu, nikampigia mhasibu pale pale mteja akiwa anasikia, nikamwandikia mteja siku ya kurudishiwa hela, na siku hiyo ilipofika nikampigia kuuliza kama imeingia. Dakika moja na nusu kamaliza. Hali ilikuwaje, wewe jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini kwa mikono yako, ikaishaje. Andaa visa vitano sita vya hivyo toka kazi ulizofanya kweli, hata chuo hata kujitolea, utashangaa kisa kimoja kinajibu maswali matatu.

Mama Pacha
Kalamu Kavu nakubaliana na wewe ila kwenye "sisi" mnatuonea bwana. Wengine tumelelewa kwamba ukisema mimi mimi mimi unajisifu. Mimi ilinichukua muda kuweza kusema "nilifanya" bila kuona aibu.

Kalamu Kavu
Mama Pacha hilo nimelipokea, kweli kabisa. Unaweza kusema tulikuwa wanne, sehemu yangu ilikuwa hii. Hapo hujajisifu na mimi nimepata cha kuandika.

Bando Limekata
Yangu ilikuwa ya mtandaoni. Nikaona ah, nyumbani, raha mstarehe. Nikabandika majibu ukutani nyuma ya laptopu, karatasi nane, maandishi makubwa. Swali la pili tu jamaa akaniuliza, samahani, kuna mtu mwingine humo chumbani? Kumbe macho yanatembea kushoto kulia kama naangalia mechi ya tenisi. Nikasema hayupo, nikajaribu kuwakazia macho, nikasahau kila kitu. Kama haitoshi chaji ikaisha maana ile laptopu betri yake bila waya haimalizi nusu saa na soketi iko mbali, nikahamia simu, hapo natafuta linki kwenye imeili huku jasho linanitoka. Siku hizi najaribu mitambo siku moja kabla, kifaa kile kile, kiti kile kile, saa ile ile, laptopu naiinua juu ya vitabu ili kamera iwe usawa wa macho maana ya kwanza waliona kidevu na matundu ya pua tu. Na namba ya mtu wa rasilimali watu naiandika kwenye karatasi, siyo kwenye simu ambayo ndo itazima. Ukutani nabandika maneno manne, basi.

Sina Baya
Mimi waliniuliza udhaifu wangu nikajibu "nafanya kazi kupita kiasi". Paneli nzima ikacheka, na mimi nikacheka, tukacheka wote. Sikupigiwa simu.

Dada Mkubwa
Nina la mshahara. Niliulizwa natarajia kiasi gani nikasema chochote mtakachonipangia, nikidhani ni heshima. Wakanipangia kweli! Baadaye najua mwenzangu tuliyeanza naye wiki moja, kazi ile ile, ananizidi kwa mbali kwa sababu tu yeye alitaja. Sikuhizi kabla sijaenda nauliza watu watatu wanaofanya kazi kama hiyo sehemu tofauti, napata kiwango cha kuanzia na cha juu, na kile cha chini nachotaja kiwe ambacho nikipewa sitanuna.

Mama Pacha
Ya kwangu ndefu kidogo mnivumilie. Sivii yangu ina pengo la miaka miwili, nilikuwa namuuguza mama. Nilijua swali litakuja tu. Binamu yangu akaniambia jirekodi kwenye simu ukijibu, nikaona ujinga lakini nikafanya, nimekaa jikoni usiku watoto wamelala. Kusikiliza sasa! Jibu la dakika mbili nimesema "samahani" mara saba, nikahesabu kwa vidole. Saba! Kama vile kumuuguza mzazi ni kesi. Nikarekodi tena, na tena, mpaka ikabaki sentensi tatu, nilisimama kazi miaka miwili kumuuguza mama, kipindi hicho nikasoma kozi ya uhasibu usiku, sasa niko tayari kurudi. Nikanyamaza. Kunyamaza ndo palikuwa pagumu. Siku yenyewe walipouliza nikasema hizo tatu, mzee aliyekaa katikati akatikisa kichwa akasema pole, swali linalofuata. Nimelihofia mwezi mzima, limeisha kwa sekunde ishirini. Kazi nilipata.

Sina Baya
Mama Pacha umeniliza asubuhi yote hii.

Fundi Majedwali
Someni imeili ya mwaliko mpaka mwisho jamani. Yangu mstari wa chini kabisa uliandikwa kutakuwa na zoezi la vitendo la dakika 40. Mimi nimeishia kwenye tarehe na saa nikafunga nikaenda kunyoosha shati. Nimefika naonyeshwa kompyuta, Excel, orodha mbili za wateja nizioanishe. Kazi ambayo naifanya kila siku, ila siku ile vidole vilisahau hata VLOOKUP, ile fomula ya Excel ya kutafuta kitu kwenye orodha, inaanzia wapi. Kama imeili haisemi, jibu uulize, itachukua muda gani, kuna zoezi, nije na vyeti halisi au nakala. Hakuna anayekunyima kazi kwa kuuliza.

Mleta uzi
Nimefungua imeili yangu sasa hivi. "Uje na vyeti halisi." Sikuwa nimeuona huo mstari aisee, ubarikiwe Fundi. Sivii nimeiprinti nimekaa nayo na kalamu, kila mstari najiuliza wakinibana hapa nina kisa? Watu sita nimewafuta. Nimeweka ukweli, niliwaelekeza wawili wapya kwa miezi mitatu, na hao nawajua mpaka walivyokuwa wanakosea. Leo usiku najirekodi. Mwenye swali la kunibana alitupie hapa nilifanyie mazoezi.

Kalamu Kavu
Hao wawili, kila mmoja alikuwa anafanya nini?